Mikono Miwili Ukutani: Historia Fupi ya Maneno ya Bwawani



Enzi zetu shuleni kuogelea hakukuwa mchezo, kulikuwa kosa. Anayelikumbuka lile bwawa la kunyweshea ng'ombe ng'ambo ya mashamba atakumbuka pia adhabu iliyomngojea kila aliyerudi bwenini na nywele mbichi. Nikamaliza masomo, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa serikalini, nikahamia Sinza. Na katika safari yote hiyo neno la kuogelea nililolijua vizuri ni moja tu: kuzama.

Sinza nayo haikunifundisha zaidi. Mtaa huu ulipimwa viwanja katika miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, chini ya mpango wa Serikali wa kugawa viwanja vyenye huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Maji mengi tunayoyaona huku ni ya Mto Ng'ombe wakati wa masika, na hayo hakuna mzazi anayemwombea mwanawe.

Basi binti yangu alipofikisha miaka kumi akajiunga na klabu ya kuogelea, nami nikawa baba wa muogeleaji bila kujua lugha ya ugeni huo. Katika mashindano yake ya kwanza aliogelea mita 50 mtindo wa chura, ule wa kusukuma maji kwa mikono kifuani na kupiga miguu kama chura. Aliongoza tangu kipenga hadi mwisho. Nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Karatasi ya matokeo ilipobandikwa, mbele ya jina lake hapakuwa na muda, bali herufi mbili: DQ. Nikaambiwa maana yake ameenguliwa.

Nilimwendea mwamuzi kwa sauti ile tunayoitumia ofisini jalada linapopotea. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mzee, alipogeuka aligusa ukuta kwa mkono mmoja." Mimi nikaona huo ni uonevu mtupu. Mbona waliotangulia katika mtindo huru walikuwa wakigeuka bila hata kugusa kwa mkono? Wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa ameshaelewa kosa lake. Alikuwa akilia, lakini si kwa sababu ya zile herufi, bali kwa sababu ya baba yake. Katika daladala hakukaa karibu nami, na usiku akamwambia mama yake kwamba harudi tena bwawani.

Ndipo nilipoanza kusoma, kama tulivyofundishwa kusoma historia: kila sheria iulizwe ilizaliwa lini na kwa nini.

Mkono mmoja ule una asili yake. Katika miaka ya 1930 waogeleaji wa Marekani walitambua kwamba kanuni za mtindo wa chura hazikukataza kurudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji. Wakafanya hivyo, wakawa na kasi kuliko wenzao, na kwa karibu miaka ishirini mitindo miwili ikashindana ndani ya jina moja. Mwaka 1952 FINA, chama cha dunia kilichoundwa London mwaka 1908 na ambacho siku hizi kinaitwa World Aquatics, kikaitenganisha. Mtindo mpya ukaitwa kipepeo, ukaingia Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Kwa hiyo kipepeo ni mtoto wa chura, na wote wawili wanashika sheria ya ukoo: mikono huenda pamoja, na ukuta huguswa kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mtindo huru na mtindo wa chali si wa ukoo huo, hivyo hawabanwi na sheria hiyo.

Kanuni nyingine nazo zina wazee wake. Melbourne huko huko Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 za chura akiwa chini ya maji sehemu kubwa ya safari. Baada yake mwanya huo ukazibwa. Seoul 1988, David Berkoff wa Marekani na Daichi Suzuki wa Japani walianza mita 100 za chali kwa kwenda chini ya maji zaidi ya mita 25, na Suzuki akachukua dhahabu. Leo, katika chali, kipepeo na mtindo huru, kichwa lazima kitokeze kabla ya mita 15. Zile alama mnazoziona kwenye kamba za bwawa, ambazo mimi nilidhani ni mapambo, kazi yake ni hiyo.

Vijana wa hesabu watapenda la Munich 1972. Katika mita 400 za mseto, yaani mtu mmoja kuogelea mitindo yote minne, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walilingana hadi sehemu za mia za sekunde. Mashine ikaulizwa sehemu za elfu, na Larsson akapewa dhahabu kwa elfu mbili. Elfu mbili za sekunde ni milimita chache tu, na hakuna fundi anayeweza kujenga bwawa ambalo njia zake zote zinalingana urefu kwa kiasi hicho. Tangu hapo hesabu huishia sehemu za mia, na wakilingana, wamelingana. Sydney 2000, Anthony Ervin na Gary Hall wa Marekani waligawana dhahabu ya mita 50.

Sehemu moja ya mia, hata hivyo, inatosha. Beijing 2008, mita 100 kipepeo, Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwa 50.58 dhidi ya 50.59. Čavić alinyoosha mikono akateleza kuelekea ukutani. Phelps aliongeza nusu pigo akagusa kwanza. Watu husahau kwamba katika fainali hiyo alikuwamo jirani yetu, Jason Dunford wa Kenya. Katika mchujo aliweka rekodi ya Olimpiki, 51.14, ambayo haikudumu. Čavić aliifuta muda mfupi baadaye. Katika fainali Dunford akawa wa tano. Miaka miwili baadaye, Delhi, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 kipepeo.

Neno mchujo nalo lina mtego. Kundi la kwanza kuingia majini aghalabu ni la wenye muda mkubwa wa sifa, au wasio na muda kabisa, ambao karatasi huwaandika NT. Mwenye kasi zaidi katika kundi hupangwa njia ya katikati. Wageni huachiwa pembeni. Sydney 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alikuwa katika kundi la kwanza la mita 100. Wenzake wawili waliondoka kabla ya ishara wakaenguliwa, akaogelea peke yake kwa dakika 1:52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa bingwa. Dunia ilicheka kwanza, kisha ikasimama kumshangilia.

Moussambani aliingia kwa nafasi zinazotolewa kwa nchi zisizo na muogeleaji aliyefikia kiwango. Nchi za namna hiyo huweza kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Basi msishangae kwamba Rio 2016 tulikuwa na Hilal Hilal na Magdalena Moshi, ambaye hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tatu, na Paris 2024 Collins Saliboko na Sophia Latiff. Mitaani husemwa "wametolewa raundi ya kwanza," basi. Muogeleaji mwenyewe huuliza kwanza swali jingine: je, nimeupita muda wangu bora? Watoto huuita PB, na huuandika hata kwenye madaftari ya shule.

Binti yangu alirudi bwawani baada ya majuma matatu, kwa sharti kwamba mimi nikae kimya jukwaani. Hivi karibuni jirani yetu wa Sinza alituona tukishuka kituoni na mabegi, akauliza, "Leo wa ngapi?" Mtoto akajibu, "Wa sita," huku akitabasamu, kwa maana alikuwa amepunguza karibu sekunde mbili katika chura, na ukuta ameugusa kwa mikono yote miwili. Jirani akasema pole sana. Binti akanitazama. Nikaweka mfuko chini, nikaanza kumweleza.