Jinsi ya kuwatofautisha anemoni zulia katika tangi la nyumbani

ANEMONI wa baharini ambao wafugaji huwaita "anemoni zulia" ni miongoni mwa viumbe wanaovutia mno katika tangi la maji ya chumvi. Hata hivyo, ni miongoni mwa viumbe ambao hufa mapema baada ya kununuliwa.

Mara nyingi kosa la kwanza hutendeka dukani, kabla mnyama hajafika nyumbani. Mnunuzi huambiwa kuwa kiumbe aliye mbele yake ni "zulia", naye hulipa na kuondoka bila kujua kwamba jina hilo hutumika kwa wanyama watatu tofauti, kila mmoja na makazi yake.

Mmoja huishi mchangani. Wa pili hushikamana na mwamba wa matumbawe. Wa tatu hupenda maji ya kina kifupi yenye mwanga mkali na mkondo wa nguvu. Anayemweka wa mwambani juu ya mchanga, au wa mchangani juu ya jiwe, humfanya mnyama huyo azunguke tangini akitafuta pa kujishikiza hadi anyonywe na pampu au adhoofike na kufa.

Makala haya yanaeleza dalili zinazomwezesha mfugaji kuwatambua watatu hao kabla ya kutoa fedha zake.

Anemoni ni mnyama wa namna gani?

Ingawa umbo lake hufanana na ua, anemoni si mmea. Ni mnyama wa ukoo mmoja na matumbawe na yavuyavu. Chini ana unyayo wa kujishikiza. Juu ya unyayo kuna kiwiliwili, na juu ya kiwiliwili kuna uso bapa wenye mdomo katikati. Uso huo umejaa minyiri yenye chembe za sumu zinazofyatuka zinapoguswa.

Mdomo huo mmoja ndio unaopokea chakula na ndio unaotoa taka.

Aidha, ndani ya nyama yake hukaa mwani wa chembe moja ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana anemoni aliyewekwa gizani hufa njaa polepole hata akilishwa.

Anemoni zulia ni wa jenasi iitwayo Stichodactyla. Tofauti na anemoni wengine wenye minyiri mirefu inayopepea, hawa wana minyiri mifupi iliyosongamana mithili ya nyuzi za zulia. Wataalamu hutambua spishi 10 za anemoni wanaokaliwa na wale samaki wadogo wenye mistari ambao filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 iliwafanya wajulikane duniani kote. Anemoni zulia ni watatu kati ya spishi hizo.

Wa mchangani: Stichodactyla haddoni

Huyu alielezwa na mwanasayansi William Saville-Kent mwaka 1893 kutokana na kazi yake katika matumbawe makubwa ya Australia. Makazi yake ni mchanga. Unyayo wake hujichimbia chini na uso wake hutandazwa juu ya mchanga. Akisumbuliwa, anaweza kujivuta na kutoweka kabisa mchangani.

Dalili yake ya kwanza ni minyiri yenye ncha zilizoviringana, kama vichwa vya pini vilivyopangwa kwa msongamano. Dalili ya pili ipo ukingoni mwa uso, ambako minyiri minene na minyiri myembamba hupishana na kufanya pindo linaloonekana wazi. Ya tatu ni sehemu tupu inayozunguka mdomo, isiyokuwa na minyiri.

Katika sehemu ya juu ya kiwiliwili chake mna chunjua ndogo ambazo rangi yake hukaribiana na rangi ya mwili, na hazishikamani na kitu. Uso wake unaweza kufikia upana wa sentimita 80. Minyiri yake hunata sana.

Wa mwambani: Stichodactyla mertensii

Jina la huyu limekuwepo tangu mwaka 1835, na ndiye mkubwa kuliko wenzake wote. Uso wake huvuka mita moja, na aliyepimwa kuwa mpana zaidi alikuwa na sentimita 124. Kwa sababu hiyo pekee, matangi mengi ya nyumbani hayamfai.

Hujishikiza kwenye mwamba au matumbawe, na uso wake hulala ukifuata umbo la jiwe lililo chini yake kama kitambaa kilichotandikwa. Minyiri yake ni mifupi sehemu kubwa ya uso, lakini iliyo karibu na mdomo huweza kuwa mirefu zaidi, hata sentimita 5. Tofauti na wenzake, hanati sana anapoguswa.

Dalili inayomaliza ubishi iko chini ya ukingo wa uso. Kiwiliwili chake ni cheupe au cha rangi hafifu, nacho kina chunjua za rangi ya zambarau-nyekundu au ya chungwa zilizopangwa mistari kutoka juu kwenda chini. Chunjua hizo hunata, na ndizo zinazomsaidia kujibana mwambani.

Wa maji ya kina kifupi: Stichodactyla gigantea

Maelezo yake ya kwanza yalitokana na safari ya Peter Forsskål katika Bahari ya Shamu. Yalichapishwa mwaka 1775, miaka 12 baada ya mtafiti huyo kufariki dunia nchini Yemen.

Jina lake linaashiria jitu, lakini kwa kawaida upana wake hauzidi sentimita 50. Huishi katika maji ya kina kifupi, mara nyingi palipo na mchanga na majani ya bahari, na maji yakipwa huenda akabaki karibu nje. Juu ya mchanga huonekana kama yule wa kwanza, lakini unyayo wake hupenda kushika kitu kigumu kilicho chini.

Uso wake umekunjamana kwa mikunjo mirefu, kama kitambaa kilichoshonwa kwa marinda. Minyiri yake huchongoka kidogo kuelekea ncha iliyo butu, wala haina kichwa cha mviringo. Mnyama akiwa mzima, minyiri hiyo hutikisika bila kukoma hata maji yanapotulia. Hunata kupita kiasi, hata huweza kukatika na kubaki kwenye kitu kilichougusa mwili wake.

Chunjua za huyu ni za buluu au rangi ya damu ya mzee, zinatofautiana na kiwiliwili, na hazinati. Hapo ndipo anapotengana na Stichodactyla mertensii, ambaye chunjua zake hunata.

Rangi hudanganya

Kosa linalorudiwa na wengi ni kumtambua anemoni kwa rangi yake. Kijani, kahawia, buluu na zambarau huweza kuonekana kwa zaidi ya spishi moja, na ndani ya spishi moja rangi hutofautiana sana.

Isitoshe, baadhi ya wachuuzi huwatia anemoni rangi ya kutengenezwa ili wapendeze. Anemoni wa manjano kali iliyoenea mwili mzima bila tofauti yoyote anapaswa kutiliwa shaka. Vilevile, anemoni mweupe kama karatasi si spishi ya nadra, bali amepoteza mwani wake. Ni hali ile ile iliyoyapausha matumbawe mengi ya mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi.

Mpangilio wa kuchunguza

Mfugaji aliye dukani anashauriwa kufuata hatua hizi bila kuharakishwa na muuzaji.

Kwanza, aulize mnyama alikuwa ameshika nini: mchanga au jiwe. Pili, aombe kuona kiwiliwili chini ya ukingo wa uso na kutazama chunjua: zina rangi tofauti na mwili, na zimejibana kwenye kioo au jiwe? Tatu, atazame ncha za minyiri: ni za mviringo, au zimechongoka? Nne, atazame mikunjo ya uso na kuona iwapo minyiri inatikisika.

Dalili moja haitoshi. Anemoni aliyechoka na safari hujikunja, hulegea na hupoteza kunata, kwa hiyo hata mtaalamu anaweza kukosea. Zikikubaliana dalili tatu, jina linaweza kuaminiwa.

Hatua ya tano ni afya. Mdomo unapaswa kuwa umefumba, na unyayo usiwe na jeraha. Anemoni mwenye mdomo ulio wazi na kulegea, au unyayo uliochanika, asinunuliwe hata akipunguzwa bei.

Wapo pia wanaofananishwa na hawa watatu. Stichodactyla helianthus wa Bahari ya Karibi ni wa jenasi hiyo hiyo, lakini katika makazi yake ya asili hakaliwi na samaki hao, kwa kuwa hawapo katika Bahari ya Atlantiki. Naye Cryptodendrum adhaesivum ana minyiri ya namna mbili, na ukingo wake mara nyingi huwa na rangi iliyo tofauti na ya katikati.

Samaki gani kwa anemoni gani?

Jina sahihi huamua pia mgeni. Amphiprion sebae, samaki wa kaskazini mwa Bahari ya Hindi, kwa asili huishi na Stichodactyla haddoni. Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe, hukaa kwa asili na Stichodactyla gigantea au mertensii, wala si haddoni.

Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, Stichodactyla mertensii ni mwenyeji wa Amphiprion akallopisos, samaki mwenye mstari mwembamba mweupe mgongoni, na pia wa Amphiprion allardi. Anayepiga mbizi kwenye matumbawe ya mwambao huu anaweza kujifunza kumtambua mahali pake pa asili, bila kumng'oa.

Kwa samaki wengine, anemoni zulia ni mwindaji. Samaki mdogo asiye na kinga akigusa minyiri hushikwa na kuliwa, na hata samaki wa thamani hupotea usiku mmoja.

Kabla ya kumleta nyumbani

Tangi jipya halimfai. Ni vyema tangi liwe limefanya kazi kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Amonia na naitriti zisiwepo kabisa, joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na chumvi iwe takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji. Midomo ya pampu ifunikwe kwa wavu au sponji. Stichodactyla haddoni apewe mchanga wa kina cha sentimita 10 au zaidi.

Mkono uvalishwe glavu. Sumu ya anemoni hawa huweza kuunguza ngozi laini ya mkono, na kwa watu wenye mzio huweza kuleta madhara makubwa. Anayevimba au kupumua kwa shida baada ya kuguswa apelekwe hospitali mara moja.

Hatimaye, mfugaji akumbuke umri wa anayemnunua. Mwaka 1828, Sir John Dalyell wa Scotland alimchukua anemoni mdogo wa spishi nyingine kutoka pwani na kumweka katika chombo cha glasi. Dalyell alifariki mwaka 1851, lakini anemoni huyo aliendelea kutunzwa na wengine hadi alipokufa mwaka 1887, akiwa amefugwa kwa miaka 59.

Mnyama wa jamii inayoweza kuishi hivyo hastahili kufa kwa mwezi mmoja kwa sababu tu mnunuzi hakuinama kutazama chini ya ukingo wake.