Wanamuziki wa Kongo na hasira za ughaibuni

Ukitoka Molenbeek, ukavuka mfereji na kupita katikati ya jiji la Brussels, unafika Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles. Hapo mwanamuziki hupimwa pia kwa siasa zake.

Mapema mwaka 1960, Joseph Kabasele na bendi ya African Jazz walikuja Brussels wakati wa mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo. Wimbo wao, "Indépendance Cha Cha", uliwataja viongozi kwa majina, na Afrika ikaucheza.

Baadaye kutaja majina kukawa biashara, iitwayo mabanga: mkubwa hulipa, mwimbaji humtaja. Mwaka 1984 Franco alimpigia debe Mobutu kwa santuri nzima, ingawa Mobutu alikuwa mgombea pekee!

Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, uliompa Joseph Kabila ushindi uliopingwa vikali, wahamiaji waliojiita Wapiganaji walizidi kuwazuia wanamuziki kupanda majukwaa ya Ulaya. Walioimba kumsifu Kabila waliitwa wasaliti. Fally Ipupa alishutumiwa kuwa karibu na utawala huo. Onyesho lake la Paris lilipigwa marufuku mwaka 2017. Februari 2020 alipanda jukwaani mjini humo huku moto ukiwaka karibu na kituo cha Gare de Lyon, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Kabila kuondoka madarakani.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu. Lakini onyesho likifutwa, mpiga gitaa asiyeonja hata senti ya mabanga naye hukosa ujira.