Rolleiflex: Kamera ya 'macho mawili' iliyodumu kuliko kiwanda chake

MTU anayeiona kwa mara ya kwanza kamera ya Rolleiflex hushangazwa na mambo mawili. Kwanza, ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine, kama macho yaliyopangwa wima. Pili, mpigapicha haiweki usoni, bali huishika usawa wa tumbo na kuinamisha kichwa, mfano wa mtu anayechungulia kisimani.

Kamera hiyo iliingia sokoni mwaka 1929 kutoka katika mji wa Braunschweig, kaskazini mwa Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa miongoni mwa zana zilizotegemewa zaidi na waandishi wa habari, wapigapicha wa mitindo na wenye studio duniani.

Leo kiwanda kilichoitengeneza hakipo tena. Kamera zenyewe, baadhi zikiwa na umri unaozidi miaka 80, bado zinapiga picha.

Chanzo cha yote ni watu wawili, Paul Franke na Reinhold Heidecke, waliofahamiana katika kampuni ya Voigtländer, mtengenezaji mkongwe wa lenzi na kamera mjini humo. Franke alikuwa mtu wa biashara, Heidecke fundi. Mwaka 1920, Ujerumani ikiwa bado inauguza majeraha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walifungua karakana yao na kuipa majina yao, Franke & Heidecke.

Hawakuanza na kamera iliyowapa umaarufu. Mwaka 1921 walitoa Heidoscop, kamera ya picha pacha: picha mbili za kitu kimoja ambazo zikitazamwa pamoja kwa kifaa maalumu humfanya mtazamaji aone kina, kana kwamba yupo mahali penyewe. Ilikuwa na lenzi tatu kwa safu. Mbili za kando zilipiga picha, ya katikati ilimwonyesha mpigapicha kile anachokilenga.

Heidoscop ilitumia vibao vya kioo, vizito na vyepesi kuvunjika. Mwaka 1926 ikafuata Rolleidoscop, iliyotumia filamu ya kusokotwa kwenye kigurudumu. Ndipo lilipozaliwa jina Rollei, mchanganyiko wa neno la filamu hiyo na jina la kamera ya awali.

Kutoka hapo hatua iliyobaki ilikuwa fupi, ingawa hakuna aliyekuwa ameichukua kwa ustadi wa namna hiyo. Ukiiondoa lenzi moja ya kando katika Rolleidoscop, kisha ukaisimamisha kamera wima, unapata Rolleiflex: lenzi ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia picha.

Wazo la lenzi mbili halikuwa geni, kwani kamera za namna hiyo zilikuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Lakini zilikuwa masanduku makubwa ya mbao. Heidecke aliibana mitambo yote ndani ya umbo dogo la chuma linaloenea viganjani.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Mwanga unaoingia katika lenzi ya juu hugonga kioo kilicholala kwa mshazari na kuelekezwa juu, kwenye kioo chenye ukungu, ambako taswira huonekana katika ukubwa uleule itakaokuwa nao kwenye filamu. Lenzi zote mbili zimefungwa kwenye bati moja la mbele, hivyo ya juu ikilengwa vizuri, ya chini nayo imekwisha kulengwa.

Kasoro ni mbili. Taswira huonekana wima lakini kulia kumekuwa kushoto, jambo linalomsumbua kila anayejifunza kumfuata mtu anayetembea. Aidha, kwa kuwa lenzi hazipo mahali pamoja, kinachoonekana si hasa kile kinachopigwa, na tofauti hiyo huwa kubwa kitu kinapokuwa karibu.

Faida zake zilizidi kasoro hizo. Kilango cha mwanga kilikuwa ndani ya lenzi na kioo hakikuhitaji kuruka juu kila picha inapopigwa, kwa hiyo kamera ilikuwa kimya na tulivu. Mpigapicha aliendelea kumwona mtu wake hata katika nukta ile ya kupiga.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufundi hulipita haraka. Mpigapicha wa Rolleiflex huinama mbele ya anayepigwa, uso wake haufichwi na kamera, na wawili hao wanaweza kuendelea kuzungumza. Lenzi nayo hutazama kutoka usawa wa kifua au tumbo, hivyo mtu wa kawaida aliyesimama huonekana mrefu na mwenye hadhi. Sehemu ya heshima iliyomo katika picha nyingi za miaka ya 1930 hadi 1950 imetokana na kimo hicho tu.

Picha yenyewe ilikuwa ya mraba, takriban sentimita 6 kwa 6. Mpigapicha hakulazimika kuilaza kamera ubavu ili apate picha ndefu, na mhariri aliweza kuikata atakavyo kulingana na nafasi katika ukurasa. Negativi hiyo ina eneo zaidi ya mara tatu ya ile ya filamu ya milimita 35, na ukubwa huo ulionekana wazi picha ilipochapishwa.

Toleo la 1929 lilitoa picha 6 tu kwa filamu moja, na mtumiaji alisoma namba kupitia kidirisha chekundu mgongoni. Mwaka 1932 kampuni ilihamia kwenye filamu aina ya 120, iliyotoa picha 12, na kuweka ubavuni mkono mdogo wa kuzungushia. Mwaka 1933 ikatoka Rolleicord, ndugu wa bei nafuu.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1937 kwa toleo la Automat. Ndani yake kulikuwa na vigurudumu vilivyopapasa karatasi ya kukingia filamu na kutambua, kwa kuongezeka kwa unene tu, mahali filamu yenyewe inapoanzia. Baada ya hapo mzunguko wa mkono ulisogeza filamu na kukaza kilango cha mwanga kwa pamoja. Mwaka huohuo kamera hiyo ilipata tuzo ya juu katika Maonyesho ya Dunia ya Paris.

Kisha vita vikaja. Oktoba 1944 Braunschweig ilishambuliwa vikali kwa mabomu na sehemu kubwa ya mji wa kale ikateketea. Kiwanda nacho kiliharibiwa.

Miezi michache baadaye, Lee Miller, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa vita wa jarida la Vogue, aliingia Ujerumani na majeshi ya Washirika akiwa na Rolleiflex. Alipiga picha katika kambi za mateso za Buchenwald na Dachau. Aprili 30, 1945, siku ambayo Hitler alijiua mjini Berlin, mwenzake David Scherman alimpiga Miller picha akiwa ndani ya bafu la dikteta huyo, katika nyumba yake mjini Munich. Chombo cha mafundi wa Kijerumani kilikuwa miongoni mwa vile vilivyohifadhi ushahidi wa yale yaliyotendwa kwa jina la nchi yao.

Baada ya vita Braunschweig iliangukia katika eneo la Waingereza. Tatizo lilikuwa lenzi, kwani kampuni ya Zeiss ya Jena, iliyozitengeneza, ilibaki upande wa Wasovieti, huku baadhi ya wataalamu wake wakihamishiwa magharibi na Wamarekani, ambako walianza upya huko Oberkochen. Franke & Heidecke ililazimika kutumia pia lenzi za Schneider kutoka Kreuznach. Ndiyo maana hadi leo wakusanyaji hubishana kama Planar ya Zeiss inaishinda Xenotar ya Schneider. Ubishi huo haujawahi kupata mshindi, na picha hazisaidii kuuamua.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa kilele. Richard Avedon aliitumia kwa picha za mitindo, Robert Doisneau katika mitaa ya Paris. Huko Brazil jina lake liliingia hata katika wimbo "Desafinado" wa Antônio Carlos Jobim na Newton Mendonça.

Mjini Chicago, yaya mmoja aitwaye Vivian Maier alitembea na Rolleiflex kifuani kwa miaka mingi, akipiga picha za wapita njia bila kuzionyesha kwa watu. Masanduku yake yaliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa sababu ya deni la ghala. Alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijamtambua kuwa mmoja wa wapigapicha wakubwa wa mitaani wa karne ya 20.

Wakati Maier akizunguka mitaani, Braunschweig ilikuwa imekwisha kuanza kupitwa. Wasweden walikuwa wametoa Hasselblad mwaka 1948, kamera ya mraba ambayo lenzi na kasha lake la filamu vingeweza kubadilishwa. Wajapani waliunda kamera za lenzi mbili kwa bei ndogo zaidi, na mwaka 1959 Nikon F ikawavuta waandishi wa habari kwenye filamu ya milimita 35.

Jibu la kampuni lilikuwa la woga. Badala ya kamera inayobadilishwa lenzi, ilitoa kamera tofauti kwa kila haja: moja ya kuvuta vitu vya mbali mwaka 1959, nyingine ya kupiga eneo pana mwaka 1961. Zilikuwa nzuri mno, ghali mno, na wanunuzi wake walikuwa wachache. Franke alikuwa amefariki mwaka 1950, na Heidecke alimfuata mwaka 1960.

Uongozi mpya chini ya Heinrich Peesel ulikwenda upande wa pili. Mwaka 1966 pekee ulitoa SL66, ya kushindana na Hasselblad, na Rollei 35, kamera ndogo ya mfukoni iliyopendwa sana. Kisha ukajenga kiwanda kikubwa Singapore mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kufuata ujira mdogo, na kulinunua hata jina la Voigtländer, kampuni ambamo waasisi walikuwa wameajiriwa.

Bidhaa ziliongezeka kuliko wanunuzi, na madeni kuliko bidhaa. Benki zilizokopesha zikageuka wamiliki wakuu. Mwaka 1981 kampuni ilifilisika, kiwanda cha Singapore kikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira katika mabara mawili.

Kilichobaki Braunschweig kiliendelea kwa udogo, kikipita mikononi mwa wamiliki kadhaa, ikiwamo Samsung ya Korea Kusini kati ya 1995 na 1999. Baadaye jina Rollei lilitenganishwa na kiwanda na kubandikwa kwenye kamera za dijitali. Kampuni iliyobeba tena jina la Franke & Heidecke ilifilisika mwaka 2009. Wafanyakazi wa zamani waliunda DHW Fototechnik, wakaunganisha kamera chache kwa mkono. Nayo ilifilisika mwaka 2014, na mwaka uliofuata mali zake zikapigwa mnada.

Filamu ya 120, ambayo Kodak iliileta mwaka 1901, bado inatengenezwa. Rolleiflex haihitaji betri ili ifanye kazi, na anayeinunua leo hana budi kuchunguza mambo machache: kama lenzi zimeota kuvu, hasa iwapo kamera imekaa katika unyevunyevu wa pwani, kama kioo cha ndani kimefifia, na kama kilango cha mwanga kinakwama katika kasi ndogo kwa sababu ya mafuta yaliyoganda.

Yote hayo yanatibika, iwapo fundi atapatikana. Vipuri vipya havitolewi tena kiwandani, na mafundi wanaozifungua kamera hizi huvitoa katika nyingine zilizokufa.