Kibaha, Mahali Nordic Ilipoanza Safari ya Afrika

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, mwendo wa kilomita 40 hivi unafika Kibaha. Mabasi ya bara hupita hapo mchana na usiku, na ni abiria wachache wanaojua kwamba mji huu una sura yake katika historia ya diplomasia.

Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na nchi nne za Nordic, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, zijenge kituo hapo. Zilijenga shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Mwalimu Nyerere alikwisha kuwataja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kila adui alipata jengo lake.

Kwa nini zije pamoja? Zilikuwa nchi ndogo, na kazi ya misaada ndiyo kwanza zilikuwa zinaianza. Hazikuwa na makoloni Afrika wakati huo, ingawa mikono yao haikuwa safi kabisa: Denmark ilimiliki ngome za biashara ya watumwa katika pwani ya Ghana ya leo, ikaziuza kwa Uingereza mwaka 1850.

Umoja wao ulipata mtihani mkali katika vita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Norway na Denmark zilikuwa ndani ya NATO pamoja na Ureno, mkoloni wa Msumbiji na Angola. Finland ilipakana na Umoja wa Kisovieti, ikachunga kila neno. Sweden, isiyofungamana na upande wowote, ilitangulia: mwaka 1969 bunge lake liliridhia misaada ya moja kwa moja kwa wapigania uhuru. Wenzake wakafuata, kila mmoja kwa mwendo wake. Mwaka 1978 mawaziri wao wa mambo ya nje walipitisha mpango wa pamoja dhidi ya utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka 1986 Denmark ikapiga marufuku biashara na utawala huo, huku London na Washington zikiendelea kupinga vikwazo vya jumla.

Kwangu mimi, heshima kubwa ya sera ile ya misaada ya pamoja ni tarehe 10 Januari 1970, siku Kibaha ilipokabidhiwa kwa Watanzania. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha tulilonalo leo. Kama babu au mama yako alisoma, alitibiwa au alifanya kazi pale miaka ile, keti naye akusimulie, nawe uandike.