Leni 26, na msongamano uko pale pale

Sisi tunaoandika programu za kompyuta tuna ugonjwa mmoja: seva ikilemewa, tunakimbilia kununua kubwa zaidi. Wajenzi wa barabara nao wanaugua huo huo. Hebu tutazame mji wa Houston, Marekani.

Barabara ya Katy Freeway ilipojaa pomoni, jimbo la Texas lilinunua njia ya reli iliyopita kando yake, mwaka 1992. Reli ikang'olewa. Kati ya 2003 na 2008 barabara ikapanuliwa hadi leni 26 hivi pale ilipo pana zaidi, ukihesabu na barabara za kando. Gharama? Takriban dola bilioni 2.8!

Mwanzoni mambo yalikuwa mswano. Lakini kati ya 2011 na 2014 safari ya asubuhi ilirefuka kwa asilimia 30 hivi, ya jioni kwa 55. Kwa nini? Njia ikiwa wazi, aliyekuwa akidamka alfajiri sasa anatoka saa mbili pamoja na wenzake, na mwingine anahamia mbali zaidi. Mwanauchumi Anthony Downs alilieleza jambo hili tangu 1962.

Je, pesa zilipotea bure? La, si zote. Magari mengi zaidi yanapita, na leni za katikati zina ada inayopanda saa za msongamano ili zisijae. Ila aliyeahidiwa kufika nyumbani mapema bado yuko njiani. Kabla ya kuongeza leni, ndugu msomaji, uliza kwanza nani ataijaza.