Vibao vya Marvin Gaye na Tammi Terrell

Greatest Hits ni mkusanyiko wa vibao vya Marvin Gaye na Tammi Terrell, waimbaji mashuhuri wa soul nchini Marekani, uliotolewa na kampuni ya Motown mwaka wa 1970. Miongoni mwavyo ni Ain't No Mountain High Enough (1967) na You're All I Need to Get By (1968), tungo za Nickolas Ashford na Valerie Simpson.

Oktoba 1967, Terrell alizirai jukwaani mikononi mwa Gaye katika jimbo la Virginia. Akapatikana na uvimbe ubongoni. Licha ya kufanyiwa upasuaji mara kadhaa, aliaga dunia Machi 16, 1970, akiwa na miaka 24. Gaye, aliyelemewa na huzuni, alikaa muda mrefu bila kutumbuiza jukwaani.