Kanama: Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Kanama iko kwenye vilima vya wilaya ya Rubavu, Rwanda, kando ya barabara inayotoka Musanze kuteremka Gisenyi na Ziwa Kivu. Senta yake kubwa ni Mahoko, soko la viazi na mboga za milimani, ambako wauzaji na madereva wa malori hupatana bei kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Zamani eneo hili lilikuwa sehemu ya Bugoyi, na karibu kila ukoo wa Bugoyi una simulizi ya kuhamia.

Msitu ndio uliotangulia. Gishwati ilifunika miteremko hii, na ndani yake waliwinda Batwa. Wakulima wa mwanzo waliingia na mashoka na mihoro, na wazee husimulia kwamba waliwapa Batwa mbuzi au majembe ili waruhusiwe kufyeka. Ardhi waliyoifungua iliitwa ubukonde, nao wakawa abakonde. Haikuwa mali ya mtu mmoja, bali ya ukoo mzima chini ya mkuu wake.

Waliofika nyuma yao waliikuta ardhi ina wenyewe. Familia iliyokimbia njaa, vita au ugomvi wa ndugu ilimwendea umukonde na kuomba mahali pa kulima. Ikikubaliwa, ilipimiwa shamba, na mkuu wake akawa umugererwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bugoyi mgeni ndiye aliyekuja na jembe mkononi akamkabidhi mwenyeji, pamoja na mbuzi au mitungi ya pombe ya mtama. Baada ya hapo, kila msimu alipeleka sehemu ya mavuno au pombe, na akaitikia wito wa kusaidia kazi. Utaratibu huu ulikuwa na ukali wake, kwa sababu aliyekaidi aliweza kufukuzwa. Hata hivyo ulimpa mgeni nafasi inayoeleweka. Majirani walijua analima kwa nani, na nani atamsemea akishitakiwa. Akiozeshwa binti wa ukoo ule, deni la ardhi lilichanganyika na ushemeji, na wajukuu wake walikuwa na wajomba palepale kilimani.

Nyumba nayo ilikuwa na masharti yake. Katika Rwanda ya kale, koo za Abazigaba, Abagesera na Abasinga zilihesabiwa kuwa zilizoikuta ardhi kabla ya nyingine zote. Mtu wa mojawapo ya koo hizo aliitwa kuubariki uwanja kabla makazi mapya hayajasimama. Tajiri alimhitaji sawa na maskini.

Mambo yalichafuka walipokuja wageni wasiobisha hodi. Chini ya Wajerumani na kisha Wabelgiji, machifu waliotumwa kutoka makao ya mwami, mfalme wa Rwanda, huko Nyanza waliwagawia watu wao mashamba ya abakonde. Hao nao waliitwa abagererwa, ingawa walikuwa hawajamwomba mtu. Uchungu huo ulidumu hadi amri ya tarehe 26 Mei 1961, miezi 13 kabla ya uhuru, ambayo kwa ajili ya Gisenyi na Ruhengeri ilitenganisha abagererwa wa desturi na wale waliowekwa na watawala. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha historia ya Bugoyi: mgeni aliyeomba alivumiliwa hata alipokuwa mzigo, na aliyepewa ardhi na mkubwa wa mbali alibaki mgeni.

Hata hivyo kutumwa peke yake hakukumfungia mtu mlango. Misheni ya Nyundo, jirani na Kanama, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901. Mwaka 1952 ilipata askofu, Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika makoloni ya Ubelgiji. Alizaliwa Zaza, upande wa pili wa nchi. Katika miaka yake ya Nyundo alikusanya mila, miiko na visa vya Wanyarwanda, kazi iliyomlazimu kuwaketisha wazee na kuwasikiliza. Alistaafu mwaka 1973.

Ng'ambo ya maji, kisiwa cha Ijwi kilifuata njia yake ya kupokea wageni. Mkataba wa mwaka 1910 ulikiweka upande wa Wabelgiji na kuiacha Bugoyi kwa Wajerumani, ila watu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi muda mrefu kabla ya hapo. Mwanahistoria David Newbury, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu wafalme na koo za Ijwi, alionyesha kuwa koo za kisiwani zilitoka pwani mbalimbali za Kivu, na kwamba Basibula, ukoo wa kifalme, nao walikuwa wahamiaji. Koo kadhaa zilikuwa na kazi maalumu katika Muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza, na kwa kazi hizo zikajulikana kuwa za kisiwa.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 watu walikuja Rubavu kwa wingi usio na mfano. Walirudi waliokuwa wakimbizi tangu 1959, wengi wao wakiwa na ng'ombe kutoka Masisi, Kongo. Novemba 1996 mamia ya maelfu ya waliokimbia 1994 walivuka kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma kwa siku chache. Vita vya 1997 na 1998 vikawang'oa wengine, kisha serikali ikawapanga katika vijiji vya imidugudu. Gishwati, iliyokuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, ikabaki na takriban 600.

Sheria ya ardhi ya 2005 na uandikishaji ulioanza 2009 viliufuta ubukonde kisheria. Leo hati hutolewa na serikali, na hakuna anayedaiwa mtungi wa pombe. Kinachowakutanisha waliokuja na waliokuwapo ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika kwa mvua kubwa iliyoua watu zaidi ya 130 nchini, kazi hiyo imekuwa na uzito mwingine Kanama. Mitaro isipozibuliwa juu kilimani, maji huwafikia wa bondeni wote, awe mjukuu wa umukonde au familia iliyopanga chumba mwezi uliopita.